Mkasi Usio na Mwenyewe

Mama Mkasi hakuwa mama wa mtu yeyote. Jina hilo alibandikwa na shemeji yake, mume wa dada yake, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kuuza vifungo, zipu na nyuzi kwenye kona ya duka la ushonaji, na kazi yake ya pili, aliyoifanya kwa bidii zaidi, ilikuwa kuwabandika watu majina.

"Wenzako wana watoto wanaolia," alimwambia, "wewe una mtoto anayekata vitambaa. Basi na uitwe Mama Mkasi, ukinuna shauri yako."

Jina likaganda. Wateja wakalichukua, muuza viatu wa jirani akalichukua, na mwisho hata dada yake, ambaye kila mtu alimwita Fundi, akajikuta anapaza sauti kutoka chini ya ngazi: "Mama Mkasi! Mtoto wako amegoma tena, hebu shuka umwangalie!"

Mtoto mwenyewe alikuwa programu ya kompyuta, na jina lake lilikuwa Mkasi. Unaupa vipimo vya mteja: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Unauambia kitambaa chako kina upana gani. Wenyewe unachora vipande vyote, mbele, mgongo, mikono, ukosi, halafu unaanza kuvigeuzageuza kwenye kioo, hiki kichwa chini, kile ubavu, na hapo ukitazama unabaki mdomo wazi, maana vipande vinasogeleana kama abiria waliobanana kwenye benchi mpaka kitambaa kinachosalia hakitoshi hata leso. Kisha unachapa michoro kwenye karatasi za kawaida, unaziunga kwa utepe wa gundi, unazilaza juu ya kitambaa, unakata.

Mama Mkasi alikuwa ameuandika kama zawadi kwa dada yake. Wakati ule aliajiriwa kwenye ofisi iliyotunza hesabu za maduka ya watu, na jioni akirudi alimkuta dada yake ameinamia meza kubwa, pini mdomoni, chaki nyuma ya sikio, akihangaika kupanga patani, zile karatasi za kukatia nguo. Siku moja Fundi alikata kitambaa cha bibi harusi, na alipoinua vipande akaona amekata mikono miwili ya kushoto. Kitambaa kililetwa na mteja mwenyewe, kutoka mbali, na kingine kama kile hakikuwepo. Fundi alikaa chini ya meza, akavuta magoti, akalia kama mtoto. Mdogo wake akapanda ngazi, akafungua kompyuta.

Kilichofuata ndicho kinachoshangaza. Programu ilipokamilika, hakuiuza. Aliiweka mtandaoni bure, pamoja na msimbo wake, yaani yale maandishi ambayo kompyuta huyasoma ili ijue ifanye nini. Ni kama fundi akupe gauni, akupe na patani, kisha aligeuze akuonyeshe ndani mishono ilikopita. Wajuzi wa mambo hayo huiita programu huria. Sharti lilikuwa moja tu: chukua, tumia, badilisha upendavyo, wape wenzako, ila ukiwapa wenzako ulichokibadilisha, nao wauone msimbo wako na wawe na uhuru uleule uliopewa wewe.

"Umerogwa?" Fundi aliuliza.

"Ni wa kwako, dada. Nimewapa na wengine tu."

"Mimi nikimshonea mtu mmoja bure, wewe unanisema wiki nzima. Wewe unawashonea walimwengu!"

Walimwengu wakaja. Si dukani; hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda ile ngazi ya mbao yenye kidato kinacholia. Walikuja kwa maandishi, kila mtu na jina lake la mtandaoni, kila mtu na kipande mkononi. Mmoja aliyejiita Bega Moja alileta hesabu za mtu ambaye bega lake la upande mmoja limeshuka kuliko la pili. Mwalimu wa chuo cha ushonaji, katika mji ambao Mama Mkasi hakujua hata kuutamka, alileta suruali ya mtu anayeshinda kwenye kiti cha magurudumu: nyuma inapanda, mbele inashuka, isimbane tumbo wala isimwache kiuno wazi. Mwanamke mmoja aliyewashonea wajawazito alileta gauni linaloongezeka jinsi tumbo linavyoongezeka. Mwingine alileta tumbo la wanaume, akaandika chini yake: "Niliyempima ni mume wangu. Msimwambie."

Kila kipande kilipofika, Mama Mkasi alikisoma mstari kwa mstari, akakijaribu kwenye shuka kuukuu, akarudisha maswali, akashukuru, kisha akakiingiza kwenye Mkasi ili wote wakipate. Kazi yake ilikuwa hiyo, kufungua mlango na kuangalia nani anaingia na nini. Ukimtazama akiifanya, amekaa kwenye chumba chake cha juu ya duka, miguu juu ya robota la vitambaa, feni inamgeukia na kumpa kisogo, ungedhani anasoma barua za wapenzi. Alikuwa anatabasamu peke yake.

Lakini tabasamu halichemshi maji ya chai.

Ile ofisi ya hesabu ilifungwa, na Mama Mkasi akabaki na vibarua vya hapa na pale: leo anamtengenezea mwenye hoteli tovuti, kesho anafufua kompyuta ya mtu iliyomwagiwa maziwa. Huku Mkasi nao unadai. Maswali yalimiminika kabla hajanawa uso, na aliyepewa bure hukasirika upesi kuliko aliyenunua. "Mkasi wako umeniharibia hariri! Jibu SASA!" aliandika mmoja. Mama Mkasi akaacha kibarua cha watu, akachunguza asubuhi nzima, akagundua kwamba bwana huyo alimpima mteja kwa inchi, kisha akaiambia programu kuwa ni sentimita. Gauni lilitoka la mwanasesere. Alipomweleza kwa upole, bwana hakuomba radhi wala hakushukuru. Alijibu, "Sawa."

Alijaribu njia. Kwanza aliweka kibakuli cha michango mtandaoni: ukipenda, changia. Watu walikipita kama watu wanavyompita mhubiri wa barabarani, kwa heshima, bila kumtazama machoni. Kisha shemeji akaja na wazo.

"Matangazo, shemeji! Weka matangazo, kaa ule!"

Akaweka. Kompyuta zinazogawa matangazo zikaona neno tumbo kwenye ukurasa wa gauni la wajawazito, zikaweka hapohapo tangazo la dawa ya kuyeyusha tumbo. Yule mshonaji wa wajawazito aliandika mstari mmoja tu: "Unatutukana?" Matangazo yakang'olewa kabla ya chakula cha mchana, na shemeji akaenda kujishughulisha na vifungo vyake, kimya, jambo ambalo si la kawaida.

Basi Mama Mkasi akajiwekea mpaka. Kwenye ghala la saruji palikuwa na kazi ya kuingiza hesabu, mchana kutwa, siku zote za wiki, na rafiki yake alikuwa amemwekea nafasi mpaka shule zitakapofunguliwa. Kama kufikia hapo Mkasi haujaanza kumlisha, angekwenda kwenye saruji, na mlango wa Mkasi ungebaki bila wa kuufungua. Programu isiyo na mtunzaji haifi kwa kishindo. Kompyuta zinabadilika, yenyewe inabaki palepale, inachakaa taratibu, mpaka asubuhi moja fundi mahali fulani anabonyeza na haifunguki. Jambo hilo lilimkosesha raha kuliko kitu kingine chochote. Akilini alimwona yule mwalimu wa chuo, ambaye hakuwahi kuijua sura yake, akibonyeza, akibonyeza tena, akiwageukia wanafunzi.

Ndipo meneja wa kiwanda cha sare za shule alipoingia dukani mwenyewe, mwanamke wa makamo, viatu vya chini, macho yanayopima mshono wa kila nguo iliyotundikwa. Alikaribishwa kiti cha wateja. Hakuzunguka.

"Chumba changu cha kukatia kinatumia Mkasi wako. Mabaki ya kitambaa yamepungua mpaka nimeona kwa macho. Sasa nataka kuununua."

"Lakini ni bure, mama."

"Najua ni bure. Na wa ng'ambo ya barabara anashona sare kama mimi, naye anaupata bure. Ndiyo maana nataka kuununua. Uwe wetu peke yetu. Uutoe mtandaoni, uje uufanyie kazi kwangu, mshahara wa kila mwezi, meza yako, dirisha lako."

Chini ya meza, Fundi alimkanyaga mdogo wake kidole cha mguu, kwa kisigino, kwa nguvu zote za mtu aliyezoea kusukuma cherehani kwa mguu. Maana yake: sema ndiyo.

"Mkasi ni wako, si ndiyo?" meneja akauliza.

"Ni wangu," Mama Mkasi akajibu haraka, machozi yanamtoka, ama kwa furaha ama kwa kidole.

Meneja alipoondoka, Fundi alipiga vigelegele mpaka muuza viatu akaja kuuliza nani kazaa. Shemeji alimpa mkono wa pongezi kama waziri. Mama Mkasi alicheka nao, akapanda ngazi, akakaa, na kicheko kikamkauka. Alikuwa amekumbuka sharti lake mwenyewe. Bega lililoshuka halikuwa lake. Wala tumbo la wanaume, wala suruali ya kiti cha magurudumu. Kila aliyeleta kipande alikileta kwa sharti lile la uhuru, na kipande kilibaki mali ya aliyekiandika. Ili kuufunga Mkasi, ilimbidi amwombe ruhusa kila mmoja wao.

Akaanza kuandika. "Ndugu Bega Moja, salamu sana. Naomba unipe ruhusa nichukue kazi uliyonipa bure, niiuze kwa mtu atakayekuzuia kuitumia." Akaisoma. Akaona hata aibu yenyewe inaona aibu. Akafuta.

Kisha akapata akili, au alidhani ni akili. Kwa nini aombe? Vipande vya watu avitoe, aviache mtandaoni vilipo, yeye auze kile alichokiandika kwa mkono wake. Kilicho chake ni chake. Hapo nani atalalamika? Watu walileta viraka tu, nguo alishona yeye.

Alifanya kazi hiyo mchana kutwa, na haikuwa ngumu, kwa sababu programu huria huweka kumbukumbu ya nani aliandika nini. Toa hiki, toa kile. Alipomaliza akabonyeza. Mkasi ukafunguka bila tatizo. Akapiga mluzi, akashuka ngazi mbili mbili.

"Dada, nipe vipimo vyako. Nakukatia gauni."

Fundi, ambaye huwashonea watu wote akajisahau, hakungoja kuambiwa mara ya pili. Walikata pamoja, akaketi akashona jioni ileile, akapiga pasi, akaingia nyuma ya pazia. Akatoka. Shemeji akaacha kuhesabu vifungo.

"Mke wangu," alisema taratibu, "umesimama sawa au umeegemea kitu?"

Gauni lilikuwa limemkaa kama limeazimwa. Shingo ilivutwa upande mmoja, pindo lilipanda kushoto na kuburura kulia, na chini ya kwapa palikunjamana. Miaka ya kusukuma kitambaa kwenye cherehani ilikuwa imelishusha bega la kulia la Fundi, kidogo tu, kiasi ambacho hakuna aliyewahi kukiona, kwa sababu siku zote Mkasi ulikuwa unakisoma kwenye vipimo vyake na kukificha.

"Umenishonea gunia," Fundi akasema.

"Dada, umeshona wewe."

"Umekata wewe!"

Mama Mkasi alishachukua utepe wa kupimia. Akamgeukia shemeji, akampima, akapanda, akachapa, akakata suruali kwenye shuka kuukuu na kuitia mshono wa haraka. Shemeji akaingia nyuma ya pazia. Zikasikika pumzi, kimya, pumzi tena.

"Shemeji," sauti ikatoka, "hii suruali ni ya ujanani kwangu. Imenifuata kutoka wapi?"

Fundi alicheka mpaka akashika meza, na gauni likazidi kukunjamana. Mama Mkasi peke yake hakucheka. Alimtazama dada yake mwenye bega, akamtazama shemeji yake aliyechungulia nyuma ya pazia akishikilia kiuno kisichofunga, akaelewa jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake muda wote. Alichokiandika yeye kilikuwa mwili ulionyooka, mabega sawa, tumbo bapa, umesimama wima. Hakuwahi kukutana na mtu wa namna hiyo akiingia mlango ule. Watu wenyewe, pamoja na vibyongo vyao na matumbo yao na viti vyao, walikuwa wameletwa na wengine. Mkasi aliokuwa anataka kuuza ulikuwa unamshonea mtu asiyekuwepo.

"Siwezi kumuuzia meneja," akasema.

Kicheko cha Fundi kikakatika kama uzi. "Unasema?"

"Si wangu, dada. Nilisema ni wangu, si wangu."

"Kwa hiyo wa nani? Wa hao majina majina? Wamewahi kukuletea hata kilo ya sukari?"

"Hawajawahi."

"Basi?"

"Wameleta bega lako."

Fundi alilishika bega lake la kulia, akalisukuma juu. Akaingia nyuma ya pazia kuvua, na kwa jinsi alivyovua ungesikia kwamba amekasirika.

Kesho yake Mama Mkasi alikwenda kiwandani kusema ukweli. Meneja hakumpokea ofisini. Alikuwa chumba cha kukatia, mahali penye meza ndefu kama barabara, vitambaa vya buluu vimelazwa tabaka juu ya tabaka, na mashine ya kukatia inayonguruma ikipita juu yake kama kisu kwenye mkate. Kando yake alisimama msimamizi wa chumba hicho, mwanamke mwembamba mwenye vumbi la chaki mpaka kwenye kope. Alipoambiwa mgeni ni nani, alimshika mkono akaung'ang'ania.

"Ndiye wewe? Ndiye wewe unayenitesa?"

"Mimi?"

"Kila ukitoa Mkasi mpya, mimi nakoma! Njoo, njoo uone."

Akamvuta mpaka kwenye kompyuta ya pembeni. Sketi za sare zina marinda, na Mkasi haukujua marinda. Msimamizi, kwa kubahatisha na kuuliza uliza, alikuwa amejiandikia marinda yake ndani ya nakala ya kiwanda. Yalikuwa yanafanya kazi vizuri. Lakini kila mara Mkasi mpya ulipotoka, na marekebisho yake mazuri, marinda yalivunjika, na ilimbidi ayapachike upya kuanzia mwanzo huku wakataji wamesimama mikono kifuani.

"Kwa nini hukunitumia?" Mama Mkasi akauliza. "Ningeyaingiza mle ndani. Kila ninapobadilisha kitu ningehakikisha marinda yako hayaguswi. Huo ungekuwa mzigo wangu, si wako."

Msimamizi akamtazama meneja kwa pembe ya jicho. "Niliambiwa ni siri ya kiwanda."

"Ni siri ya kiwanda," meneja akasema.

"Marinda?" Mama Mkasi akasema, na maneno yakamtoka kabla hajayapima. "Mama, siri gani hiyo ambayo kila mtoto wa shule anatembea nayo barabarani?"

Wakataji wa karibu wakainamisha vichwa, mabega yanatikisika. Meneja mwenyewe alijizuia, akashindwa, akacheka kwa pua.

Hapo ndipo Mama Mkasi alipomweleza yote, kuanzia bega mpaka suruali ya shemeji. Hakuna wa kuuza Mkasi, alisema, kwa kuwa hakuna mwenye Mkasi. Kinachouzika ni kingine.

"Asubuhi mashine hizi zikisimama, unampigia nani simu?"

"Sasa hivi? Hakuna."

"Utanipigia mimi. Na kitu ambacho Mkasi haukijui na wewe unakihitaji, nitakiandika, cha kwako kwanza. Na wakataji wako wapya nitawafundisha. Mkasi bure. Ninayelipwa ni mimi."

Meneja hakuwa mjinga, akauliza swali lenye meno. "Na wa ng'ambo ya barabara? Nikulipe mimi, marinda ayapate yeye?"

"Atayapata."

"Bure."

"Bure, mama. Akirekebisha kitu naye akakileta, utakipata wewe. Asipoleta, basi, atakula tu." Mama Mkasi alisikia jinsi jibu lake lilivyokuwa baya kibiashara, lakini jingine hakuwa nalo. "Ila simu yake asubuhi sitaipokea. Akitaka niipokee, atalipa kama wewe."

Meneja alipitisha kiganja juu ya kitambaa cha buluu, kukilainisha palipokuwa laini tayari. "Nitafikiri," alisema.

Nitafikiri! Nani asiyelijua neno hilo? Fundi alipolisikia alitupa chaki mezani. "Umekwenda kuuza, umerudi umegawa. Mdogo wangu, unajua hata njia ya kwenda sokoni wewe?" Lakini usiku huo alimpakulia chakula kingi kuliko siku zote, akakaa anamwangalia akila, na kwa Fundi hilo lilikuwa neno refu.

Siku zikapita bila habari. Mabango ya daftari na mikoba yakaanza kutundikwa madukani, kumaanisha shule zinakaribia. Rafiki wa ghala la saruji akapiga simu: nafasi haiwezi kungoja zaidi ya wiki hii. Mama Mkasi akaandika tangazo la kuwaaga wenzake wa mtandaoni, akatafuta ni nani kati yao angeweza kushika mlango, akaliacha wazi kwenye kioo bila kulituma. Kila akipita anaongeza neno, anapunguza neno. Aliondoa hata neno kwaheri, akabaki na barua ya kuaga isiyoaga.

Asubuhi moja simu ikalia akiwa na mswaki mdomoni. Alikuwa yule msimamizi, na nyuma yake hapakuwa na ngurumo ya mashine, ila kelele za watu.

"Dada, Mkasi umekwama. Tumeweka ule mpya, umekula marinda na mikono pia, sijui nimepachika nini wapi. Malori ya kuchukua sare yanakuja keshokutwa. Wakataji wote wamesimama. Nisaidie, tafadhali, nifanye nini?"

Sasa mfahamu Mama Mkasi. Maisha yake yote, mtu akisema nisaidie, mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kompyuta kabla sentensi haijaisha. Hata sasa mkono ulikwenda. Akautazama. Akaurudisha. Akatema povu la mswaki.

"Meneja yupo hapo?"

"Yupo. Amesimama juu ya kichwa changu."

"Mpe salamu zangu. Mwambie naja. Mkataba uwe mezani, nikishausaini nakaa kwenye kompyuta, na siondoki mpaka mashine zingurume."

Kwenye simu ilisikika minong'ono, kisha sauti ya meneja kwa mbali, kali: "Mwambie arekebishe kwanza!" Mama Mkasi akajibana na ukingo wa meza. Aliogopa kuwa mchoyo. Aliogopa zaidi kwamba akibonyeza leo, atabonyeza hivyohivyo mpaka ghala la saruji limchukue.

"Nimewapa Mkasi," akasema. "Asubuhi yangu sijaitoa bado."

Minong'ono tena. Mtu akacheka, kwa pua.

"Anasema uje," msimamizi akanong'ona. "Anasema mwaka mmoja, kisha ataona. Dada, kimbia!"

Alikimbia kweli, gauni la nyumbani likionekana chini ya koti. Alipopita dukani Fundi aliuliza kuna moto wapi. Alipojibiwa, alibaki mkono hewani na uzi haujaingia kwenye sindano. "Ngoja nielewe," alimwambia mumewe. "Wanamlipa kwa kitu alichowapa bure?"

"Wanamlipa ili aendelee kuwapa," shemeji akasema.

"Hii dunia," Fundi akasema, na kwa mara ya kwanza alisema hivyo akiwa ameridhika nayo.

Kiwandani meneja alisukuma karatasi mezani bila kukaa. Mama Mkasi alisaini, akashika kompyuta, na kabla ya jua kupanda juu ya paa la bati mashine ya kukatia ilianza kunguruma. Rafiki wa saruji alipigiwa simu, akaambiwa asante. Ile barua isiyoaga ikafutwa.

Lakini kabla hajaondoka, Mama Mkasi alimkalisha msimamizi kwenye kiti.

"Haya. Marinda. Yaweke mtandaoni kwa mkono wako."

"Mimi? Hapana, weka wewe. Msimbo wangu ni wa hovyo, watanicheka."

"Wangu wa kwanza ulikuwa wa hovyo zaidi, na bado uko pale, kausome. Wataka jina gani?"

Msimamizi alifikiri, akapangusa vidole kwenye sketi, akaandika herufi moja moja: Mama Marinda. Akafumba macho, akabonyeza. Kisha akainuka, akaenda kwenye meza yake ndefu, akajifanya amesahau. Akarudi kuchungulia. Akaenda. Akarudi.

Mara ya tatu, mchana ukiwa umeshaingia, kulikuwa na jibu. Mtu ambaye hata Mama Mkasi hakumjua, wa mahali ambapo tayari ilikuwa jioni, alikuwa amekata sketi akaijaribu. Aliandika: "Kazi nzuri sana, asante. Ila rinda la mwisho limepinda kidogo kwenye mshono wa ubavuni."

Msimamizi alisoma, akasoma tena kwa sauti. Masikio yakamwiva.

"Limepinda? Rinda langu?" Akavuta kiti kwa mguu, akakaa, akakunja mikono ya koti lake la kazi. "Nani huyu anayejifanya anajua marinda? Nipishe hapo, dada, nimwonyeshe."